Kiapo Kilichofunika Uso

Gesti ya Weris ilijengwa karibu na mto ili wageni wapate upepo. Mwaka huu walipata mto wenyewe. Tana ilipanda kutoka mashamba ya maembe, ikauruka ukuta wa nyuma, ikaingia uani bila hodi na kusimama kwenye ngazi za baraza kama mgeni anayengoja aambiwe karibu chai.

Inspekta Maryan Jaldesa aliletwa hapo jana jioni na boti la waokoaji. Lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, kwa hiyo alikuja peke yake, akaambiwa litarudi kumchukua baada ya saa moja. Alikuwa bado anaingoja saa hiyo. Usiku alilala juu ya viti viwili vya plastiki vilivyokuwa havipatani. Maryan ni mzaliwa wa Buna, Wajir, kule watu wanakoomba mvua mpaka koo zinawakauka, na katika maisha yake yote ya upolisi hakuwahi kuota kwamba siku moja atafungiwa ndani na maji.

Asubuhi simu yake ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Boti linakuja baada ya alasiri," mkuu alisema. "Linawavusha hao watu mpaka Madogo, ng'ambo ya mto, huko kuna basi linawangoja. Ndege yao ni alfajiri. Wewe uje na pasipoti, ama uje na huyo msichana."

"Msichana hajathibitika, bwana mkubwa."

"Sanduku lake, ufunguo wake, shingo yake. Unataka nini tena, malaika ashuke akuandikie ripoti?"

Simu ikakatika. Maryan akaitia mfukoni na kumtazama huyo msichana, aliyekuwa ameketi mwisho wa baraza amekumbatia sanduku tupu la bati.

Msichana aliitwa Idil Warsame, na ujumbe wote wa biashara ulikuwa kazi ya kichwa chake. Alikuwa amewaandikia wanunuzi wa Maskati mpaka wakamzoea, akawatumia video za ngamia, akabishana nao kuhusu ladha ya maziwa, hadi wakampa meza moja kwenye maonyesho yao ya vyakula. Bidhaa za huku zilikuwa zikifika ng'ambo siku zote, lakini zikifika zina jina la mtu mwingine. Safari hii wenye mali wangeketi wenyewe mbele ya mnunuzi, wakamtazama machoni. Walikuwa watano pamoja na Idil, na pasipoti tano zenye viza zilikuwa ndani ya lile sanduku. Jana adhuhuri zilitoweka. Kama zisingepatikana kabla ya boti, meza ya Maskati ingebaki tupu, na Idil angelala seli. Na hata akitoka seli, nani katika Garissa yote angempa tena pasipoti yake aishike? Hata ya mbuzi asingepewa.

"Ufunguo unakaa wapi?" Maryan alimuuliza.

Idil akavuta uzi shingoni. "Hapa. Naoga nao, nalala nao. Mama anasema hata nikiolewa tutaolewa pamoja."

"Na jana adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwa shangazi, Eedo Arbia. Namfundisha kutaja bei kwa Kiarabu. Akasinzia katikati ya somo, nikaendelea kukaa, nikijua ataamka. Niliporudi kwangu, kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, sanduku jepesi. Nikalifungua, nikakuta hewa."

"Kufuli lilikuwa limefungwa?"

"Limefungwa, afande."

Maryan akalichukua kufuli. Lilikuwa dogo, la rangi ya dhahabu, lile ambalo kila msafiri wa mji huu hununua Soko Mugdi siku ya kusafiri. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akawaambia watu wote walete funguo za mabegi yao, akazipanga juu ya meza kama anayecheza bao.

Ufunguo wa Idil ulilifungua. Ufunguo wa begi la Arbia ukalifungua. Wa Siyad ukalifungua pia, wa Deeq ukabembelezwa kidogo nao ukalifungua. Weris, mwenye gesti, alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akaenda jikoni, akarudi na ufunguo wa kabati la sukari. Nao ukalifungua.

Arbia akacheka mpaka bega likatikisika. Alikuwa mama mzima kutoka Kotile, mwenyekiti wa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, na Kiswahili alikitumia kama kiatu cha kuazima, anavaa kikimbana. "Kufuli ya Soko Mugdi," alisema. "Hiyo hapana funga fitu. Hiyo inaambia fitu, kaeni na adabu."

Kwa hiyo ufunguo, uliokuwa kitanzi cha Idil peke yake, sasa ulimtosha kila mtu shingoni. Lakini Maryan alikuwa na jambo la pili kichwani. Mwizi alilifunga kufuli tena. Anayetaka kuharibu angezitupa pasipoti dirishani, na Tana ingezipeleka baharini bila kuuliza viza. Huyu alitaka wachelewe kujua. Na pasipoti yake mwenyewe ilikuwa humo, kwa kuwa zote zilikuwa humo. Mtu wa namna hiyo hazitupi. Anaziweka mahali, anangoja ndege iondoke, kisha ya kwake anaiokota.

Basi zilikuwa ndani ya nyumba hii. Na nyumba hii alikuwa ameshaipekua, magodoro, tangi la maji, viatu, mpaka chini ya kuku wa Weris, ambaye hajamsamehe mpaka sasa. Kitu ambacho hakukifungua ni ndoo za sampuli za kwenda Maskati zilizokuwa stoo. Zilikuwa zimezungushiwa utepe mwekundu wenye mhuri wa afisa wa mifugo, na Idil alimsihi karibu apige magoti: mhuri ukikatwa, forodha hawapokei mzigo. Maryan alizitikisa, akazinusa, akaziacha.

Akamwita mwenye mhuri.

Siyad, afisa wa mifugo wa kaunti, alikuja na shati lililochomekwa vizuri na macho yaliyokataa kutulia. Alikuwa amesema jana alilala adhuhuri yote. Weris naye alikuwa amesema alimwona akitembea upesi ukumbini, mfuko wa shati umevimba.

"Mfukoni kulikuwa na nini?" Maryan aliuliza.

"Leso."

"Toa ulimi."

"Afande?"

"Ulimi, Siyad. Utoe niuone."

Siyad akatazama huku na huku, kisha akautoa kidogo, kama mtoto mbele ya daktari. Ulikuwa wa kijani kama malisho baada ya mvua.

"Miraa," Maryan alisema.

"Kidogo tu. Lakini polepole, afande, tafadhali. Arbia ni mama mkwe wangu. Aliniozesha binti yake kwa sharti sitafuni. Nilikuwa stoo, nimekalia ndoo, natafuna kwa heshima."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu watu waingie vyumbani. Mpaka Deeq alipobisha. Akasema, 'Waryaa Siyad, mama mkwe wako anakuja huku.' Nikatia zote mfukoni, nikaruka."

"Utepe na mhuri wako vilikuwa wapi?"

Siyad akafikiri. "Juu ya ndoo. Niliviacha hapo hapo."

Maryan akamwacha, akaenda kwa Arbia, akamuuliza kama jana adhuhuri alitoka chumbani.

"Mimi kutoka? Kwa joto ile?" Arbia alisema. "Idil alikuwa anasoma Kiarabu, mimi nalala. Niliamka yeye bado anasoma, maskini. Nitoke nikafanye nini?"

"Kwenda stoo, labda."

"Stoo iko Siyad, anatafuna majani yake." Arbia akashusha sauti. "Mimi najua tangu harusi. Usimwambie. Mtu akikuogopa anakununulia sukari."

Maryan alirudi barazani akiwa na uzi mmoja mkononi, na uzi huo ulikwenda moja kwa moja mpaka kwa Deeq. Alimtoa Siyad stoo kwa jambo ambalo halikuwapo. Alibaki na stoo tupu, ndoo, utepe na mhuri.

Deeq alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa Hulugho kwa asili, ndevu zimetiwa hina, sauti laini kama samli ya moto. Aliingia kwenye ujumbe siku za mwisho, baada ya mkewe. Mkewe ndiye Fosia, mpishi wa nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa mpaka ikauke, ikazamishwa kwenye samli ikae miezi bila kuoza. Fosia alikuwa mwanamke wa maneno. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka na birika, mtandio begani, uso wazi, akimtania kila mtu. Alimtania Siyad kwamba amenyamaza kama bwana harusi. Aliwatania waokoaji waliopita kwa boti kwamba wanavua watu na hawajui kuvua samaki. Mumewe pia alimtania. Alimpa chai mkononi akamwambia hina ya ndevu zake imeanza kuogopa maji.

Maryan aliwaketisha wote pale barazani. Hakutaka mtu aje aseme hakusikia.

"Deeq, jana ulimtoa Siyad stoo."

"Nilimwonea huruma. Nilisikia mlango wa Arbia."

"Arbia alikuwa amelala."

"Basi nilisikia vibaya. Masikio ya mtu wa soko, yamejaa ng'ombe."

Fosia akacheka kidogo. Maryan hakucheka.

"Uliingia stoo baada yake?"

"Sikuingia."

"Chumba cha Idil?"

"Inspekta." Deeq aliweka glasi chini. "Wewe ni mtu wa Buna, umekuja kwetu mgeni, nakuheshimu. Lakini unanizungusha mbele ya mke wangu kama beberu sokoni. Sasa sikiliza, na nyote muwe mashahidi." Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea kwa mkewe bila kumtazama. "Kama mkono huu umegusa pasipoti hizo, huyu Fosia ameachika, talaka tatu."

Arbia akashusha glasi yake.

Mtu anaweza kuapa kwa Mungu akaenda nyumbani akaomba msamaha. Lakini aliyeapa kwa talaka tatu, kama amesema uongo, hana tena nyumba ya kwenda kuombea. Mkewe amekuwa mtu wa mbali tangu neno lile litoke mdomoni, na hakuna mahakama inayohitajika kulithibitisha. Ndiyo maana watu hawachezi nalo. Ndiyo maana pia, likishasemwa, hakuna anayebaki na swali.

"Basi imekwisha," Arbia alisema kwa sauti ya chini.

"Labda ni mimi nilisikia vibaya," Siyad naye akasema. "Labda alisema kitu kingine."

"Alisema nini kingine?" Maryan alimuuliza.

"Sikumbuki, afande. Mtu ameapa."

Macho yote yakaondoka kwa Deeq, na kwa kuwa yalihitaji mahali pa kwenda, yakaenda kwa Idil. Idil aliyaona yakija. Akaliweka sanduku chini, akaanza kukunja mtandio wake wa akiba taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayefunga begi la safari ya karibu sana.

Maryan alikuwa na umri wa kutosha kujua alivyofungwa. Pande zote maji. Mbele yake, kiapo ambacho hakimu wa Garissa asingekiandika popote, lakini ambacho kilikuwa kimewaziba mashahidi wake wote midomo kuliko utepe wa Siyad. Akitaka kuzifungua ndoo sasa, ataonekana anamwita mtu mwongo juu ya ndoa yake. Na akikosea? Nyama iliyokatwa mhuri, ujumbe ulioharibika, na inspekta wa kike kutoka Wajir ambaye jina lake litaimbwa kwenye chai miaka kumi.

Akafanya kazi iliyobaki. Aliketi, akatazama watu.

Fosia alipita tena na birika. Alimmiminia Arbia, akammiminia Siyad, akammiminia Idil. Kisha akammiminia Deeq, lakini glasi yake hakumpa mkononi. Aliiweka juu ya ukuta wa baraza, akarudi nyuma, na akiwa anarudi akauvuta mtandio kutoka begani, akaupitisha juu ya pua. Yakabaki macho.

Aibu, Maryan alifikiri. Mwanamke aliyetupwa katikati ya watu kama mnyama wa mnada lazima ajifiche. Hata yeye angejificha, au angerusha birika.

Adhana ya adhuhuri ilifika juu ya maji kutoka mjini. Deeq akaondoka kwenda kutawadha upande wa nyuma. Mtandio wa Fosia ukashuka. Akajipangusa jasho la mdomo, akamwambia Siyad, "Nasikia afande amekukagua ulimi kama ngamia. Umri wako amesema ni miaka mingapi?" Siyad akacheka kwa woga. Fosia akacheka naye, uso wazi, meno yote nje.

Deeq akarudi ndevu zikidondoka maji. Mtandio ukapanda.

Maryan akaacha kunywa chai.

Baada ya swala alimwambia Deeq amletee kiti kutoka chumba cha mwisho. Deeq akaenda. Mtandio ukashuka. Deeq akaja na kiti. Mtandio ukapanda. Maryan alingoja kidogo, akasema kiti kinayumba, je, hakuna kingine? Deeq akaenda tena, akinung'unika, na Maryan hakutazama anakokwenda. Alitazama mkono wa Fosia. Ulishuka na mtandio kabla mgongo wa mumewe haujapotea mlangoni, na ulipanda nao kabla kivuli chake hakijafika.

Akamfuata jikoni.

Fosia alikuwa akisugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

"Abaayo, dada yangu," Maryan alisema, "sikuulizi kitu chochote kilipo."

"Usiniulize. Ulimi wangu haujasema neno."

"Haujasema. Nimekaa pale tangu asubuhi, haujasema."

Fosia akaendelea kusugua. "Kuna watu," alisema baadaye, akiiambia sufuria, "wanakufungia ndani halafu wanakupa wewe ufunguo. Ukifungua, umejivunjia nyumba kwa mkono wako. Usipofungua, mtoto wa watu analala seli. Nao wanakunywa chai."

"Na wewe unamwogopa nani kati ya hao wote?"

Fosia akaiinamisha sufuria, maji yakatoka. "Mmoja tu," alisema. "Na Yeye hanywi chai."

Ndipo injini ya boti ikasikika, mbali bado, ikikohoa juu ya mashamba yaliyozama. Alasiri ilikuwa imefika.

Barazani watu walikuwa wamesimama na mabegi. Idil alikuwa amesimama kando, bila begi, mikono mbele, tayari kwa pingu. Maryan hakumwendea. Alimwendea Deeq.

"Deeq, umeapa, na mimi ni Mwislamu. Nimekubali kiapo chako."

"Alhamdulillahi," Deeq alisema.

"Kama kiapo ni cha kweli, Fosia ni mke wako halali, na hakuna anayeweza kusema vinginevyo. Nataka kuandika ripoti yangu hivyo. Kabla hatujapanda boti, mwambie tu akupe chai. Mkononi, uso wazi, kama alivyokupa asubuhi."

Deeq akacheka, akiwatazama wengine wacheke naye. "Huo ndio upelelezi siku hizi? Fosia, lete chai, tumalize."

Fosia alisimama mlangoni na birika. Hakusogea. Mtandio ulikuwa juu ya pua.

"Fosia."

"Chai ipo ukutani," alisema. "Anayetaka achukue."

"Mke wangu ana haya mbele za watu," Deeq akamwambia Maryan.

"Haya gani? Ukitoka anafunua. Siyad yuko hapa, waokoaji wanapita, anafunua. Wanaume wa humu ni wawili, Deeq, na anayefichwa uso ni mmoja. Mwambie afunue."

Cheko likamtoka Deeq usoni polepole, kama rangi inayofuliwa. "Ondoa hiyo nguo, Fosia," alisema. "Nimekuambia ondoa."

Fosia hakumjibu yeye. Alimgeukia Idil, akasema kwa utulivu, "Idil, mwambie huyo bwana asiniite kwa jina. Mimi na yeye sasa ni watu wa njiani."

Arbia ndiye aliyefahamu kwanza. Mkono wake ukaenda mdomoni. Kisha Siyad, aliyekuwa karibu na Deeq, akachukua begi lake akalihamisha, na yeye mwenyewe akalifuata.

"Yalikuwa maneno tu," Deeq alisema. "Wallahi, Fosia, maneno tu ya kumaliza ugomvi. Mtu haachi mke kwa maneno ya ugomvi."

"Maneno yapi?" Maryan aliuliza. "Mimi sijasikia ugomvi. Nimesikia kiapo."



Fosia aliweka birika chini, akaingia stoo, akarudi amekumbatia ndoo yake ya nyirinyiri. Aliiweka katikati ya baraza, akaung'oa utepe mwekundu, akakunja mkono wa buibui na kuzamisha mkono ndani ya nyama na samli mpaka kwenye kiwiko. Alipapasa kama anayemtoa ndama aliyekwama. Kilichotoka kilikuwa mfuko wa nailoni unaong'aa mafuta, na ndani yake pasipoti tano zimekumbatiana.

"Nilimwona akifunga utepe," alisema. Sasa alikuwa akimwambia Maryan. "Nikasema moyoni, atarudisha. Usiku nikasema, atarudisha asubuhi. Asubuhi nikamtania ili acheke arudishe. Halafu akasimama akanitumia mimi kuwa kufuli. Alijua nimeona. Alijua, afande."

Maryan alikwisha kutoa pingu. Idil alizitazama zikimpita, zikaenda kwenye mkono mwingine, na hapo tu ndipo alipoketi juu ya sanduku lake la bati.

"Kwa nini?" Maryan alimuuliza Deeq.

Deeq alitazama ndoo. "Wangechukua namba yake," alisema hatimaye. "Wale wa Maskati. Miaka yote wakitaka nyirinyiri ya Garissa wanapiga simu kwangu. Wangemwona yeye, wangechukua namba yake, mimi ningekuwa nani? Mume wa mpishi?"

"Sasa hata hiyo huna," Arbia alisema, na wala hakusema kwa ubaya.

Boti likagonga ngazi. Idil alikuwa akizipangusa pasipoti kwa mtandio wake wa akiba, moja moja, akiwapa wenyewe. Alipofika kwa Fosia akamnyooshea ya kwake kwa mikono miwili.

Fosia akaipokea, akaitazama picha yake, akaifunga, akairudisha mkononi mwa Idil.

"Habaryar, mama mdogo, panda," Idil alisema. "Boti limefika."

"Nipande niende wapi? Tangu kiapo kile niko eda. Wewe umeona mwanamke wa eda anapanda ndege kwenda kwenye maonyesho?"

Hapo Maryan akaliona tundu lote la mtego, mpaka chini. Kwa kujifunika uso Fosia alikuwa amemfungua Idil, na Arbia, na Siyad na miraa yake, na aliyebaki ndani alikuwa yeye. Na alilijua hilo tangu glasi ya kwanza aliyoiweka ukutani. Deeq naye akaliona. Kitu kama tabasamu kikaanza kumtambaa ndevuni: Maskati Fosia hatafika.

Fosia alimwona kwa juu ya mtandio. Akamwambia Siyad, "Mwanangu, wewe una utepe na mhuri. Na kalamu ile nene unayo?"

Siyad akampa. Fosia akakibonyeza kifuniko juu ya ndoo, akakipangusa samli, akaandika juu yake jina lake na namba yake ya simu, tarakimu kubwa kubwa ambazo hata mtu wa ng'ambo ya mto angezisoma. Siyad akazungusha utepe mpya, akapiga mhuri, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mtaiweka mbele ya meza," Fosia alimwambia Idil. "Waonje, wasome. Mimi nikae eda yangu. Nyama haikai eda."

Arbia alicheka mpaka akakamatwa na waokoaji asianguke majini. Tabasamu la Deeq likarudi lilikotoka. Maryan alimkalisha nyuma ya boti, akiipa gesti kisogo, ili mwanamke wa watu apate kuushusha mkono. Alipogeuka kutazama, Fosia alikuwa amesimama kwenye ngazi, maji yamefika vidoleni, uso wazi.

Boti lilikuwa limejaa. Nahodha akawasha injini, akapaza sauti.

"Mama, tunarudi kukuchukua baada ya saa moja."

Fosia alimtazama Maryan. Maryan akatazama maji.

"Haya," Fosia alisema, akaingia ndani kuinjika chai.